MBIO NDEFU AU MBIO ZA KASI?

Kila mwaka mashindano ya riadha ya shule yakikaribia, mabishano yaleyale huzuka kiwanjani. Hawa wanasema, "Kimbia kilomita nyingi, kasi itakuja yenyewe." Wale nao wanajibu, "Ukizoea polepole utabaki mtu wa polepole." Hata methali zetu zimegawanyika. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, lakini chelewa chelewa utapata mwana si wako. Sasa mkimbiaji wa mita 5,000 ashike ipi? Hebu tuzipime kambi hizi mbili kwenye mizani.

KAMBI YA KASI

Kambi hii hufundisha mbio za vipindi. Mwanariadha hukimbia umbali mfupi kwa kasi, mathalani mzunguko mmoja wa mita 400, kisha hukimbia taratibu apate pumzi, halafu hurudia tena na tena. Kocha Woldemar Gerschler wa Ujerumani aliifanya njia hii kuwa kama somo la sayansi. Alishirikiana na daktari wa moyo, Herbert Reindell. Mapigo ya moyo yakifika 180 kwa dakika, mkimbiaji hupumzika. Yakishuka hadi 120, anatoka tena. Mwanafunzi wake, Rudolf Harbig, aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1939 kwa dakika 1 na sekunde 46.6.

Baadaye akaja Emil Zátopek wa Chekoslovakia. Huyu jamaa alikuwa akirudia mita 400 hata mara 40 kwa siku moja. Si mchezo! Katika Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952 alishinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni.

Faida ya njia hii ni kuokoa wakati. Roger Bannister wa Uingereza alikuwa akisomea udaktari, akifanya mazoezi saa ya chakula cha mchana. Tarehe 6 Mei 1954 akawa mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika 4. Hasara yake ni kwamba mwili usio na msingi huchoka upesi na misuli huumia. Ni kama moto wa nyasi kavu.

KAMBI YA MASAFA

Kiongozi wa kambi hii ni Arthur Lydiard wa New Zealand, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha viatu. Alijijaribu yeye mwenyewe kwanza, kisha akawaambia vijana wake wakimbie maili 100, yaani kilomita 160 hivi, kwa wiki. Watu walicheka. Eti hata mkimbiaji wa mita 800 akimbie kilomita zote hizo? Lakini katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960, vijana wake wawili walipata dhahabu siku moja: Peter Snell katika mita 800 na Murray Halberg katika mita 5,000.

Siri ni nini? Mbio ndefu zisizo za kasi huupa moyo nguvu za kusukuma damu nyingi kwa pigo moja. Aidha, mishipa midogo midogo ya damu huongezeka ndani ya misuli, na hewa ya oksijeni hufika kwa urahisi. Hasara yake ni kwamba yataka miezi mingi na subira.

MIZANI

Tukitazama vizuri, tunakuta kwamba Lydiard hakuikataa kasi. Vijana wake walianza na miezi ya kilomita nyingi, wakafuata vilima, ndipo wakaingia kiwanjani kufanya mbio za kasi. Kwa hivyo ugomvi hasa si kasi au masafa. Ugomvi ni lipi litangulie, na kwa kiasi gani.

Hapa kwetu, Eliud Kipchoge alizichanganya zote mbili katika wiki moja kule Kaptagat, chini ya kocha Patrick Sang. Jumanne ilikuwa ya kiwanjani, Alhamisi ya kilomita 30 au 40, na Jumamosi ya kubadilisha mwendo barabarani. Siku zilizobaki alikimbia taratibu. Matunda yake ni dhahabu mbili za marathoni za Olimpiki, na rekodi ya dunia ya saa 2, dakika 1 na sekunde 9 aliyoiweka Berlin mwaka 2022.

Basi sisi wanafunzi tujifunze nini? Wengi wetu hukaa bure likizo nzima. Zikibaki wiki mbili za mashindano, tunajiua kwa mita 400 mpaka tunatapika, na siku yenyewe tunachechemea. Msingi haujengwi kwa wiki mbili. Tumia likizo kukimbia taratibu, mwendo ambao unaweza kuongea na mwenzako, ukiongeza kidogo kidogo. Usiige hizo kilomita 160, maana hao walikuwa watu wazima waliozoea. Shule zikifunguliwa, ongeza vilima, kisha kasi mara mbili kwa wiki. Wiki ya mwisho upumzike.

Na zile methali? Naona hazipingani. Simba hunyatia polepole, lakini mwishowe huruka. Asiponyatia hamfikii swara. Asiporuka analala njaa.