Kijana Wetu Anataka Kusoma Saikolojia: Majibu kwa Wazazi na Wahitimu wa Nduguti

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka mwezi Julai, nyumba nyingi za Nduguti huwa na kikao cha aina moja. Binti aliyesoma HGL au HKL anasema anataka kwenda chuo kikuu kusoma saikolojia. Baba anauliza hiyo ni kazi gani. Mama anauliza kama mwanawe atashinda na vichaa. Anapigiwa simu mjomba wa Singida mjini, naye anashauri achukue ualimu tu, walau ualimu unajulikana. Maswali yao yote ni ya haki, kwa sababu kumsomesha mtoto miaka mitatu ni magunia mengi ya alizeti. Hapa chini tunayajibu yale yanayoulizwa mara nyingi.

Saikolojia ni elimu ya nini hasa?

Ni elimu inayochunguza jinsi mtu anavyofikiri, anavyohisi na anavyotenda, na inachunguza kwa kupima. Neno hilo la kupima ndilo ambalo vijana wengi hulikuta chuoni bila kulitarajia. Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake mjini Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879, alikuwa anasema kwamba mambo ya nafsi nayo yanaweza kuwekwa kwenye mizani. Tangu hapo mwanafunzi wa saikolojia husoma takwimu, mbinu za utafiti na upimaji, sambamba na makuzi ya mtoto, kumbukumbu, tabia za watu wakiwa kundini na misingi ya unasihi. Aliyekimbia hesabu kidato cha nne atakutana nazo tena huko.

Mfano mmoja unatoka karibu na kwetu. Wahadzabe, ambao baadhi yao ni jirani zetu wa Munguli humu humu wilayani Mkalama, wanatajwa katika vitabu vya saikolojia duniani kote. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, Coren Apicella na wenzake waliwapa Wahadzabe wa maeneo ya Ziwa Eyasi kitu kidogo, biskuti au kiberiti cha gesi, kisha wakawauliza kama wangependa kukibadilisha na kingine cha thamani ileile. Kwa kuwa kila mmoja alipewa kitu bila kuchagua, ungetegemea karibu nusu yao wabadilishe. Waliokuwa wakiishi mbali na masoko na watalii walifanya hivyo hivyo, karibu nusu wakabadilisha. Lakini waliozoea kufanya biashara na watalii waling'ang'ania walichopewa, na waliokubali kubadilisha walikuwa takriban robo tu. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani kung'ang'ania chako ni tabia ya binadamu wote. Wahadzabe walionyesha kwamba mazingira, huenda soko lenyewe, yana mkono wake katika tabia hiyo.

Nimekaa kwenye mfano huu kwa makusudi. Mwaka 2010 Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan waliandika kwamba sehemu kubwa mno ya yale yanayoitwa tabia za binadamu ilitokana na kuwapima watu wa nchi za Magharibi, tena wengi wao wanafunzi wa vyuo. Kijana wa Nduguti anayesoma fani hii asijione anakwenda kumeza elimu ya wengine. Kuna maswali kuhusu watu wetu ambayo hayajaulizwa bado, na mwenye lugha na mazingira ndiye atakayeyauliza vizuri. Afrika Mashariki ilishawahi kuipa dunia nadharia. Mary Ainsworth alikaa na familia 26 katika vijiji vya jirani na Kampala mwaka 1954 na 1955, akitazama kina mama wa Kiganda na watoto wao wachanga. Alichokiona huko, na kukichapisha mwaka 1967, kimekuwa nguzo ya elimu ya namna mtoto anavyojishikamanisha na mlezi wake.

Kwa hiyo ni daktari wa vichaa?

Hapana. Na tuanze na neno lenyewe: tuseme mgonjwa wa akili, kama tunavyosema mgonjwa wa figo.

Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari kwanza. Amesoma udaktari wa binadamu miaka 5, akafanya mazoezi ya kazi hospitalini, kisha akarudi chuoni kusomea ubingwa. Huyo ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia haandiki dawa. Hupima, huchunguza, huzungumza na mtu kwa utaratibu maalumu aliofundishwa, au hufanya utafiti. Mshauri nasaha humsaidia mtu kulipitia jambo linalomlemea, iwe ni msiba, ndoa, ulevi au majibu ya kipimo cha hospitali. Afisa ustawi wa jamii hushughulika na familia, watoto na sheria zinazowalinda. Katika wilaya kama yetu mara nyingi kazi hizi huangukia watu wachache, na ndiyo maana majina huchanganywa.

Hospitali ya Mirembe ya Dodoma, iliyoanza mwaka 1927, ndiyo inayokuja akilini mwa watu saikolojia ikitajwa. Ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na kutoka Singida mjini ni safari ya takriban kilomita 240. Lakini wahitimu wengi wa saikolojia hawatafanya kazi Mirembe hata siku moja. Wengi watakuwa mashuleni, vyuoni, kwenye mashirika na katika ofisi za rasilimali watu.

Inafundishwa wapi?

Kwa kijana wa Mkalama, mlango wa karibu ni Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007. Ukipanda gari hadi Iguguno umeikuta lami, na kutoka hapo ni barabara moja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinafundisha. Jambo ambalo familia nyingi hazilijui ni hili: katika vyuo vyetu vikubwa vya umma, shahada ya kwanza ya saikolojia kwa kawaida imekaa ndani ya elimu. Cheti husomeka Shahada ya Elimu katika Saikolojia, au katika Ushauri na Unasihi. Maana yake kijana atasoma saikolojia, atasoma mbinu za kufundisha, na atakwenda kufanya mazoezi ya ualimu shuleni.

Kwa hiyo ugomvi wa binti na mjomba wake unaweza kuisha hapo hapo. Kwa njia hii, saikolojia na ualimu havipingani.

Anayetaka kukaa na wagonjwa ajue mapema kwamba shahada ya kwanza haimfikishi. Saikolojia ya tiba husomwa katika shahada ya uzamili, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili ni mahali pa kuitafuta. Hili naliona kuwa jambo la uzito kuliko yote katika makala haya. Mtu aliyesoma miaka mitatu akaweka kibao cha kutibu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, anaweza kumdhuru mgonjwa ambaye alihitaji kufikishwa hospitalini haraka. Kenya iliona hatari hiyo ikatunga Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia mwaka 2014, ili anayejiita kwa jina hilo awe amesajiliwa. Ukimwendea mtu yeyote anayejiita mwanasaikolojia, una haki ya kumuuliza amesomea ngazi gani na wapi. Mwenye taaluma yake hatakasirika.

Sifa za kuingia ni zipi?

Kwa aliyemaliza kidato cha sita, kiwango cha chini cha jumla ni kufaulu masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4, kwa hesabu ya A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Yaani D mbili zinafungua mlango, ila nafasi hugombaniwa na wenye alama nzuri hutangulia. Mwenye stashahada hutakiwa wastani wa GPA 3.0. Kila programu ina masharti yake ya ziada, na majina ya programu hubadilika, kwa hiyo usitegemee karatasi ya kaka yako wa miaka minne iliyopita. Soma mwongozo wa udahili wa mwaka huu unaotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni. Ukichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, utatumiwa namba ya kuthibitisha chuo unachokwenda. Usipothibitisha, nafasi inakupotea.

Na ada?

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, na huangalia uwezo wa familia. Yatima alete vyeti vya vifo vya wazazi. Kaya iliyo katika mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini itaje namba yake. Cheti cha kuzaliwa ni lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na hapa ndipo watoto wengi wa vijijini hukwama: cheti hakijawahi kutafutwa, au jina la cheti halifanani na la shuleni. Fedha ya chakula na malazi, ile wanafunzi wanayoiita bumu, huja kwa awamu na inataka nidhamu. Mkopo hulipwa: mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe.

Atapata kazi?

Nafasi zenye jina la mwanasaikolojia serikalini ni chache, na ajira za ualimu hugombaniwa na watu wengi. Mzazi asiuze ng'ombe akiamini kwamba ajira inamsubiri mtoto mlangoni. Hata hivyo mhitimu ana milango kadhaa: kufundisha sekondari somo lake la pili, kufundisha saikolojia katika vyuo vya ualimu, miradi ya watoto na vijana, unasihi katika vituo vya afya na mashirika ya dini, utafiti, na kusimamia watumishi ofisini. Anayeshika vizuri takwimu na uandishi wa ripoti hupata kazi za utafiti hata kabla ya kuajiriwa. Kwa sababu hiyo namsihi mwanafunzi asiyakwepe yale masomo ya hesabu.

Huku kwetu mtu akilemewa huenda kwa mchungaji, shehe au mganga. Mwanasaikolojia wa nini?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mkulima aliyepoteza mavuno hasemi ana sonona. Anasema anawaza sana, moyo unamwenda mbio, usingizi umemkimbia, mwili hauna nguvu. Atayasema hayo kwa Kinyiramba au Kinyisanzu, na Mtatoga au Mhadzabe atayasema kwa lugha yake. Vitabu vya chuoni viko kwa Kiingereza. Mtaalamu aliyekulia Dar es Salaam anaweza kuandika kwamba mgonjwa analalamikia maumivu ya mwili tu, akampa dawa ya kutuliza maumivu na kumruhusu aende. Mtoto wa hapa atasikia kilicho nyuma ya maneno yale.

Wala hana sababu ya kushindana na mchungaji. Nchini Zimbabwe, mradi ulioanza mwaka 2006 chini ya Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, uliwafundisha bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu kwa utaratibu. Tafiti zilionyesha kuwa waliozungumza na bibi hao walipata nafuu. Mradi ule hutumia lugha ya watu wenyewe, Kishona, pamoja na neno lao lenye maana ya kuwaza kupita kiasi. Mtaalamu alileta utaratibu, na jamii ikaleta watu inaowaamini. Sioni kwa nini jambo kama hilo lisiwezekane Nduguti, Iguguno au Mwangeza.

Ni kweli wanasoma mawazo ya mtu?

Si kweli.

Mwanangu mwenyewe ana msongo wa mawazo. Akisoma saikolojia atapona?

Masomo si matibabu. Kijana asiyelala, asiyekula, anayejitenga au anayezungumzia kufa, mpeleke kituo cha afya leo, usingoje barua ya chuo. Akishatulia ndipo achague fani kwa akili iliyotulia. Wako wanaoingia saikolojia kwa sababu ya maumivu yao na wakawa wataalamu wazuri sana, lakini walitibiwa kwanza.

Ewe mhitimu unayesoma haya, usisubiri matokeo ndipo uanze. Wiki hii kitafute cheti chako cha kuzaliwa, linganisha herufi za jina lako na za cheti cha kidato cha nne, kisha anza kukihakiki RITA.