ALHAMISI: Aliyehesabiwa

Soma Kutoka 35:20–29. Ni akina nani walioleta vitu vya kujengea hema ya kukutania, na kila mmoja alileta nini?

Wanawake walisokota nyuzi kwa mikono yao. Wakuu walileta vito, viungo na mafuta. Aliyekuwa na mti wa mshita aliuleta. Bezaleli na Oholiabu walikuwa mafundi hodari, lakini hawakuachiwa kazi yote peke yao.

Katika miji ya Marekani, Wayahudi wamekuwa wakiwapoteza vijana wao kimyakimya. Kijana akiwa chuoni huwapata wenzake katika Hillel, chama kilichoanzishwa mwaka 1923 katika Chuo Kikuu cha Illinois. Akihitimu, huhamia mji asiomjua mtu. Sinagogi analoliingia lina wazee, wazazi, na watoto wanaojiandaa kwa bar mitzvah wakiwa na miaka 13. Yeye hana mwenzi wala mtoto. Anasalimiwa vizuri, anaonyeshwa kiti, na baada ya majuma machache haonekani. Na hiyo ndiyo miaka anayoamua ataoana na nani, na kama atashika imani ya wazazi wake.

Mwaka 2006, huko Oakland, California, ilianzishwa Moishe House. (Moishe ni Musa kwa Kiyidishi.) Vijana wachache hukaa pamoja katika nyumba ya kupanga. Shirika huwasaidia kodi, nao huwafungulia vijana wenzao mlango mara kadhaa kwa mwezi: kwa chakula cha Shabbat, kujifunza Torati, sikukuu, au kuwahudumia wahitaji. Wakazi wenyewe ndio wanaopanga, wanaopika na wanaokaribisha. Leo nyumba za namna hiyo ziko katika nchi nyingi.

Maisha hayo si mepesi. Mmoja hachanganyi nyama na maziwa, mwenzake hajali. Mmoja hagusi simu jua likishazama Ijumaa. Mwingine anayo mkononi. Inawabidi wapatane kuhusu sufuria kabla ya kupatana kuhusu mafundisho. Kisha wageni ishirini wakishaondoka, vyombo huwaangukia watatu. Tena kuna ile kodi: mtu aweza kufungua mlango ili kutimiza hesabu ya mwezi, wala si kwa kumpenda mgeni. Msaada wenyewe si kosa. Walawi nao waliishi kwa zaka (Hesabu 18:21). Lakini hakuna fedha inayoweza kumfanya mgeni arudi Ijumaa ijayo akiwa amebeba mkate wa challah aliouoka mwenyewe.

Wayahudi wana desturi inayoeleza jambo hili kuliko mpango wowote. Baadhi ya sala za pamoja haziombwi mpaka watimie kumi. Kwa Waorthodoksi ni wanaume kumi. Katika makundi mengine wanawake nao huhesabiwa. Wakiwa tisa, husubiri. Huyo wa kumi aweza kuwa mchanga wa imani, hajui hata nyimbo, lakini bila yeye sala hiyo haianzi. Akichelewa, watu hutazama mlangoni.

Mfikirieni kijana mmoja aliyekuwa akihudhuria darasa lenu na sasa haonekani. Aliwahi kupewa kazi gani? Sabato ya kwanza aliyokosa, ni nani aliyetambua, na alifanya nini kabla jua halijazama?