Lugha ya Hitilafu Inayojificha: Uchunguzi wa Mkondo Mvujo katika Chaja za Magari ya Umeme

Utangulizi

Magari ya umeme si hadithi ya ughaibuni tena. Tangu mwaka wa 2022 mabasi ya umeme yamekuwa yakibeba abiria jijini Nairobi, na mwaka wa 2023 Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri. Pamoja na vyombo hivyo kumeingia tatizo linalowatoa mafundi jasho: chaja hukata umeme bila sababu ya wazi, kisha fundi afikapo, hufanya kazi kana kwamba haikuwahi kuugua. Makala haya yanajadili chanzo cha hitilafu hiyo na namna ya kuichunguza. Aidha, yanadai kwamba chombo cha kwanza cha uchunguzi huo si mita, bali ni maelezo sahihi ya aliyeshuhudia.

Mkondo Mvujo ni Nini?

Katika saketi iliyo salama, umeme unaoingia kwa waya wa laivu hurudi wote kwa waya wa nyutro. Sehemu yake ikipita kwingine, mathalani kwenye bodi ya gari hadi ardhini, sehemu hiyo ndiyo mkondo mvujo. Swichi ya kinga, ambayo mafundi huiita RCD, huilinganisha mikondo hiyo miwili daima, na ile ya kulinda uhai hukata umeme kabla tofauti haijazidi miliampea 30. Mkondo mkubwa zaidi ya huo ukipita mwilini unaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua. Kwa umeme wa volti 240, miliampea 30 huvuja pindi ukinzani wa njia ya mvujo unaposhuka hadi omu 8,000.

Chaja ina jambo la ziada. Gridi hutoa mkondo geu, unaobadili mwelekeo mara kwa mara, ilhali betri huhitaji mkondo mnyoofu, usiobadili mwelekeo. Mkondo mnyoofu ukivuja kupita miliampea 6, RCD ya aina ya A inaweza kupofuka na kushindwa kukata hata inapohitajika. Ndiyo maana chaja nyingi huwa na kihisi cha kukata mvujo huo, au hulindwa kwa RCD ya aina ya B.

Kwa Nini Hitilafu Huja na Kwenda?

Sababu ya kwanza ni unyevu. Maji ya mvua au umande huingia ndani ya plagi alfajiri; kufikia adhuhuri jua limekwisha kukausha ushahidi wote. Pwani, chumvi ya upepo wa bahari huzidisha tatizo kwa kuwa huufanya unyevu upitishe umeme kwa urahisi.

Ya pili ni majeraha ya kebo. Kebo iliyokanyagwa na magurudumu hupata ufa ambao hufunguka inapopindwa na kufumba inaponyooshwa. Fauka ya hayo, kasoro yaweza kuwa ndani ya gari lenyewe, kwa mfano kwenye hita, na ikajitokeza tu kifaa hicho kinapowaka.

Ya tatu ni limbiko. Kila chaja huvujisha kiasi kidogo kupitia kapasita zinazochuja kelele za umeme. Vifaa kadhaa vikilindwa na RCD moja, jumla yake hukaribia kikomo, na swichi ikakata ingawa hakuna kifaa kibovu.

Hatua za Uchunguzi

Dalili ya mvua ni mawingu; kwa hiyo fundi huanza kwa kuuliza. Hapa sarufi ya Kiswahili ni msaada mkubwa. "Chaja imekata" ni taarifa ya tukio moja. "Chaja hukata" ni taarifa ya mazoea. "Hukata inyeshapo mvua" hutaja sharti. "Ilikata ilipochomekwa" huelekeza jicho kwenye mwanzo wa kuchaji, ilhali "ilikata ikichaji" huelekeza kwenye kazi yenyewe. Inafaa pawe na daftari la kuandikia saa, hali ya hewa, gari lililohusika na hatua ya kuchaji.

Hatua ya pili ni kubadilishana: gari jingine lijaribiwe kwenye chaja ile, na gari lile kwenye chaja nyingine. Hitilafu ikilifuata gari, chaja haina hatia.

Tatu, mita ya klempu hufungwa kuzunguka laivu na nyutro kwa pamoja, nayo husoma tofauti tu, yaani mvujo. Baadaye, umeme ukiwa umezimwa, gari limechomolewa na vifaa vya elektroniki vimetenganishwa, fundi aliyehitimu hupima ukinzani wa nyaya kwa volti 500. Mwishowe sehemu hurejeshwa moja moja, kwani ukibadilisha mbili kwa pamoja hutajua iliyokuwa na kosa.

Hitimisho

Fundi aliyechoshwa na hitilafu isiyoonekana hushawishika kuiondoa RCD ili kazi iendelee. Kufanya hivyo ni kumfukuza mlinzi kwa kosa la kupiga kamsa. Waya wa athi ukiwa umekatika na RCD imeondolewa, mtu anayesimama kwenye ardhi yenye maji na kuugusa mlango wa gari hana kinga nyingine. Ni dhahiri basi kwamba kueleza hitilafu kwa usahihi, katika lugha ambayo dereva, mlinzi wa kituo na fundi wanaielewa sawasawa, ni sehemu ya usalama wenyewe.