Kumfuata mbwa wa miguu sita hadi Tanga

Mbwa mweusi juu ya rangi ya njano, miguu sita, kichwa amekigeuza nyuma na moto mwekundu unamtoka kinywani. Waliowahi kujaza mafuta kwenye vituo vya kampuni ya Kiitaliano ya Agip, Tanzania au Kenya, hawawezi kumsahau. Alipatikana katika shindano la michoro huko Italia mwaka 1952, na maelezo yaliyozoeleka ni kwamba miguu minne ni magurudumu ya gari, miwili iliyobaki ni ya dereva. Waitaliano hao hao ndio walioshirikiana na Tanzania kujenga kiwanda cha kusafishia mafuta cha TIPER, Kigamboni, kilichoanza kazi 1966. Kwa hiyo bango la enameli la mbwa huyu si kitu cha ajabu kukutwa kwetu. Tabu ni kwamba likisikika, huwa liko mbali: wewe uko Dar, lenyewe liko Tanga, kwenye ukuta wa duka la spea lililofungwa zamani.

Kabla ya kuwasha gari, omba picha. Usiridhike na picha moja ya mbele iliyopigwa jioni. Taka ya mbele, ya nyuma, ya kila kona, na ya matundu ya skrubu kwa karibu. Mwambie muuzaji aweke futi kamba juu ya bango ndipo apige; utajua ukubwa wake, na utajua kama bango analo kweli au ameokota picha mtandaoni. Akikuomba utume hela kidogo ya kulishikia kwa sababu kuna mteja mwingine yuko njiani, mwache huyo mteja afike.

Mtazame mbwa mwenyewe pia. Wa zamani ni mrefu. Mwaka 1972 mbunifu Bob Noorda alimfupisha ili aenee kwenye fremu yenye kona za mviringo. Ukiambiwa bango lenye mbwa mfupi ni la miaka ya sitini, au lenye mbwa yeyote kwamba ni la kabla ya vita ya pili ya dunia, hiyo safari ni ya kusikiliza hadithi.

Halafu piga hesabu ya njia. Dar hadi Tanga ni kilomita 350 hivi. Gari linalotumia lita moja kwa kilomita 10 litakunywa lita 70 kwenda na kurudi. Ongeza chakula na gesti, kisha jumlisha na bei ya bango. Jumla hiyo ndiyo bei halisi. Andika kiwango chako cha mwisho kwenye karatasi ukiwa nyumbani, maana ukishafika Tanga umechoka, utajiambia kwamba kurudi mikono mitupu ni hasara. Si kweli. Unakwenda kukagua, kuchukua ni jambo la baadaye. Ondoka alfajiri, na kama hupendi foleni ya Kibaha na malori ya Chalinze, pita Bagamoyo utokee Msata. Vijijini shuka hadi 50, trafiki wenye tochi hawajali kwamba unawahi bango.

Ukifika, usikimbilie ukutani. “Shikamoo mzee.” “Marahaba mwanangu, karibu.” Kaa, kunywa chai ukipewa, uliza duka lilikuwa la nani na bango lilipachikwa lini. Hayo si maneno ya kupotezea muda, kwani bango lenye historia inayojulikana lina thamani kuliko lililotoka kwa mnunuzi wa chuma chakavu asiyekumbuka alilipata wapi. Usiseme umetoka Dar kwa ajili yake tu. Bei itapanda hapo hapo.

Ukaguzi ufanyike mchana, nje. Enameli ni unga wa kioo ulioyeyushwa juu ya bati la chuma kwenye tanuri la joto la nyuzi kama 800, na kwa kawaida kila rangi huchomwa kwa zamu yake. Pitisha ukucha pale nyeusi inapokutana na njano: utahisi kangazi kadogo. Rangi zilizochapwa huwa tambarare, na ukizikagua kwa lenzi utaona vidoti. Jua haliififishi enameli kirahisi, kwa hiyo moto uliopauka ukawa wa waridi ni dalili ya rangi ya kawaida. Sumaku isiponasa, hilo si bati la chuma. Ikinasa bado hujathibitisha kitu, kwa sababu bati lililopakwa rangi juzi nalo linanasa. Mimi huamini zaidi sehemu zilizobanduka. Kwenye bango la kweli kioo hupasuka kwa vipande vyenye makali na chini yake kuna chuma cheusi chenye kutu ya siku nyingi. La kughushi huwa na kutu ya rangi ya chungwa, mbichi, iliyosambazwa kwa ustadi mno.

Mkikubaliana, andikishianeni hata kwenye karatasi ya daftari: jina, tarehe, bei, sahihi, na shahidi mmoja wa mtaa. Bango likiwa bado ukutani, tia mafuta ya kulegeza kutu kwenye skrubu na usubiri. Usichokonoe kwa bisibisi ukingoni, wala usiruhusu kijana mwenye nguvu alivute. Likipinda kidogo tu, kioo kinaruka.

Kwenye gari, lilaze juu ya godoro, uso juu, na ulifunike blanketi. Muheza utakuta machungwa, na utanunua, kila mtu hununua. Gunia liwekwe miguuni, si juu ya bango.

Nyumbani lioshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni na sponji laini. Stilwaya isiguse. Usipake rangi palipobanduka. Futa kwa mafuta kidogo kuzuia kutu, basi. Wakati wa kulitundika, weka washa za mpira mbele na nyuma ya kila tundu, kaza skrubu kwa mkono, na simama mara inapoanza kuwa nzito.