Uso, Mkono, Maneno, Muda: Somo la Kuzitambua Dalili za Kiharusi

Kati ya Juni 2003 na Juni 2006 watafiti waliwaorodhesha watu waliopatwa na kiharusi katika maeneo mawili ya Tanzania: sehemu ya Wilaya ya Hai na sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Wagonjwa walitambuliwa kwa msaada wa wahudumu wa hospitali na vituo vya tiba, pamoja na viongozi wa vijiji. Kwa miaka hiyo mitatu, Hai walihesabiwa wagonjwa 453 kati ya wakazi wapatao 160,000, na Dar es Salaam wagonjwa 183 kati ya wakazi wasiofika 57,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Yalipolinganishwa kwa kuzingatia umri wa wakazi, kiwango cha Dar es Salaam kilikuwa karibu mara tatu ya kile cha Hai.

Hesabu hiyo inawafundisha wananchi wa kata zote mambo mawili. La kwanza, kiharusi si ugonjwa wa nchi za mbali wala wa matajiri wa mjini. Kimo vijijini, migombani na sokoni. La pili, mgonjwa wa kiharusi mara nyingi huangukia mikononi mwa jamaa na jirani kabla ya kuonwa na daktari. Hao ndio wanaopaswa kujua wanachokiona na hatua ya kuchukua katika saa ya kwanza.

Kiharusi ni nini

Ubongo ni takriban sehemu mbili tu kati ya mia moja za uzito wa mwili, lakini hutumia karibu moja ya tano ya oksijeni yote inayosafirishwa na damu. Hauna akiba. Damu ikikatika, seli zake huanza kufa ndani ya dakika chache.

Damu hukatika kwa njia mbili. Katika wagonjwa walio wengi, mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo huzibwa na bonge la damu iliyoganda. Kwa wengine mshipa hupasuka na damu huvujia ndani ya kichwa, mara nyingi kwa sababu ya shinikizo la damu lililoachwa bila tiba kwa miaka. Kwa macho, aina hizi mbili hazitofautishwi kwa uhakika, hata na daktari. Kinachozitofautisha ni kipimo cha CT-Scan, kinachopatikana katika hospitali kubwa, ikiwemo Hospitali ya Rufaa ya KCMC mjini Moshi.

Upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na wa kulia huongoza wa kushoto. Ndiyo maana kiharusi kwa kawaida hulegeza upande mmoja: mkono na mguu wa upande huo, pamoja na pembe ya mdomo. Kwa watu wengi, uwezo wa kusema hukaa upande wa kushoto wa ubongo; kwa hiyo mtu aliyelegea mkono wa kulia anaweza pia kukosa maneno, ingawa anasikia na anawatambua watu wake.

Maneno manne ya kukariri

Kila kaya inashauriwa kukariri maneno haya: uso, mkono, maneno, muda. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kuyashika, na anaweza kuwa ndiye pekee aliye nyumbani na babu au bibi wakati dalili zinapoanza.

Uso. Mgonjwa aombwe atabasamu au aonyeshe meno. Je, upande mmoja wa mdomo umeshuka? Je, maji au mate yanamtoka upande huo?

Mkono. Aombwe anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vikitazama juu, afumbe macho, na ahesabiwe hadi kumi. Je, mkono mmoja unashuka wenyewe, au haukuinuka kabisa?

Maneno. Aombwe kurudia sentensi fupi, kwa mfano: "Leo mvua imenyesha mlimani." Je, ulimi ni mzito? Je, anachanganya maneno, anasema yasiyoeleweka, au ananyamaza huku akionekana kutaka kusema?

Muda. Ikiwa jibu ni ndiyo kwa jambo lolote kati ya hayo matatu, hata moja tu, hiyo ni dharura. Itazamwe saa, na safari ya hospitali ianze.

Zipo dalili nyingine zisizopaswa kudharauliwa: kupoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja au yote mawili, kuona vitu viwiliviwili, kuyumba na kushindwa kutembea sawasawa pasipo kunywa pombe, ganzi ya upande mmoja, na maumivu ya kichwa makali mno ambayo mgonjwa hajawahi kuyapata. Neno linaloziunganisha zote ni ghafla. Goti linalouma mwaka mzima si kiharusi. Mguu uliokuwa mzima wakati wa chai na umekataa kuinuka baada ya nusu saa ni jambo jingine.

Ikumbukwe kwamba mara nyingi kiharusi hakiumi. Mgonjwa mwenyewe anaweza kusema yuko salama, kwamba amelalia mkono vibaya, na kuomba aachwe apumzike. Asikubaliwe.

Kwa nini haraka

Wataalamu hukadiria kwamba mshipa mkubwa wa ubongo unapoziba, seli za ubongo zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika. Seli hizo hazirudi. Tofauti kati ya kufika mapema na kuchelewa inaweza kuwa tofauti kati ya mtu atakayerudi shambani kwake na mtu atakayehitaji kulishwa.

Ipo dawa ya kuyeyusha bonge la damu, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zilipoanza, na baada ya CT-Scan kuthibitisha kwamba hakuna damu iliyovuja. Dawa hiyo haipatikani katika kila hospitali, na si kila mgonjwa anaifaa. Hata hivyo mgonjwa anayewahi hunufaika kwa mengi mengine: sukari na shinikizo la damu hupimwa na kusimamiwa, uwezo wake wa kumeza huchunguzwa ili chakula kisiingie mapafuni, nimonia na vidonda vya kulala huzuiwa, mazoezi ya viungo huanza mapema, na chanzo hutafutwa ili kiharusi cha pili kisifuate.

Aidha, zipo hali zinazofanana na kiharusi ambazo hutibika upesi. Mgonjwa wa kisukari aliyeshukiwa na sukari anaweza kulegea na kukosa maneno, naye akapata nafuu mara baada ya kutibiwa. Kipimo cha tone moja la damu kidoleni hutosha kumtambua.

La kufanya katika dakika za kwanza

Kwanza, iandikwe saa. Swali la kwanza la daktari litakuwa: alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi? Mtu aliyeamka alfajiri akiwa amelegea hahesabiwi kuanzia alfajiri, bali kuanzia wakati alipoonekana mzima, pengine saa tatu usiku alipokwenda kulala.

Pili, utafutwe usafiri mara moja. Hospitali ya Wilaya iko Bomang'ombe. Kwa wakazi wa tarafa za juu, hospitali iliyo karibu zaidi inaweza kuwa nyingine, kama ile ya Machame. Palipo na gari, mgonjwa apelekwe moja kwa moja hospitali. Asikae zahanati akisubiri kupambazuke. Dharura haisubiri barua ya rufaa. Mahali ambapo gari halipatikani, mhudumu wa zahanati au wa kituo cha afya apigiwe simu ili asaidie kuita gari la wagonjwa.

Bodaboda haifai. Mgonjwa aliyelegea upande mmoja hawezi kujishikilia, na kumfunga kwa kanga mgongoni mwa dereva katika barabara za mteremko zenye tope ni kumwongezea hatari ya pili.

Tatu, alazwe kwa utulivu, nguo za shingoni zilegezwe. Akitapika, au akipoteza fahamu huku akipumua, alazwe ubavu ili matapishi yatoke nje.

Nne, zichukuliwe dawa zake zote anazotumia, kadi ya kliniki na kadi ya bima. Aende naye mtu aliyeziona dalili zikianza, si tu yule mwenye fedha.

Yasiyofaa kufanywa

Asipewe chakula, maji, maziwa wala uji. Koo lililolegea hupitisha vitu hivyo mapafuni.

Asipewe aspirini. Huzuia damu kuganda. Ikiwa mshipa umepasuka, itazidisha madhara. Aspirini ina nafasi yake, lakini baada ya kipimo na kwa amri ya daktari.

Asimezeshwe vidonge vya presha ili "ishuke haraka", viwe vyake au vya jirani. Shinikizo likishuka ghafla, sehemu ya ubongo iliyobakiwa na damu kidogo hukosa hata hiyo kidogo.

Asichanjwe, asikandwe kwa maji ya moto, wala asifukizwe. Ngozi yenye ganzi huungua bila mgonjwa kujua.

Hapo lazima lisemwe jambo moja kwa heshima. Mtu aliyelegea ghafla husemwa amepitiwa na upepo mbaya au ametupiwa jini. Utafiti wa mahojiano uliofanyika Hai na Dar es Salaam, ukachapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba imani ya majini na uchawi ilitajwa zaidi Dar es Salaam, ilhali wakazi wa Hai walielekea zaidi kutaja sababu za kimwili. Lakini hakuna kata isiyokuwa na mzee aliyeanzishiwa safari kwa mganga kabla ya hospitali. Sala haikatazwi, isaliwe ndani ya gari. Na mzee wa ukoo mwenye neno la mwisho juu ya mgonjwa aseme neno hilo mapema: hospitali kwanza.

Dalili zikitoweka

Wakati mwingine mdomo hupinda, mkono hulegea, na baada ya dakika kumi au saa moja kila kitu hurudi kama kawaida. Familia hushukuru na kurudi kazini. Hapo ndipo kosa kubwa hutendeka. Hali hiyo ni kiharusi cha muda: bonge limeziba kisha likaachia. Ni onyo kwamba kiharusi kamili kinaweza kufuata, na hatari ni kubwa zaidi katika siku chache za mwanzo. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anatembea mwenyewe na anacheka.

Maandalizi kabla ya siku hiyo

Kinga kubwa ni kupima shinikizo la damu. Presha iliyo juu haina dalili kwa watu wengi. Mtu anaweza kulima, kubeba mkungu wa ndizi na kuimba kwaya huku mishipa yake ikidhoofika. Vipimo vinavyorudia kufika 140 kwa 90 au zaidi vinahitaji ushauri wa mtaalamu wa tiba. Aliyeandikiwa dawa asiziache kwa kuwa "amejisikia vizuri": anajisikia vizuri kwa sababu anazitumia.

Chumvi ipunguzwe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo katika vyakula vya kununua. Mkebe wa chumvi uondolewe mezani; mtori hauhitaji kutiwa chumvi mara mbili. Tumbaku iachwe, mbege na pombe nyingine zipunguzwe, na wenye kisukari wahudhurie kliniki bila kukosa.

Kwa upande wa jamii, kila kitongoji kinaweza kuandaa orodha ya namba za simu za watu watatu au wanne wenye magari, wanaokubali kuamshwa usiku, na makubaliano ya gharama yafanywe mapema. Orodha hiyo ibandikwe ofisi ya kijiji, zahanati na kanisani au msikitini. Wakati wa masika, wakubaliane pia ni barabara ipi inapitika.

Maswali ya mazungumzo katika mkutano wa kitongoji

1. Ni maneno gani manne ya kukariri, na kila moja linapimwaje? Wawili wajitokeze wayaonyeshe mbele ya mkutano.
2. Mama mwenye umri wa miaka 58 amekutwa saa kumi na mbili asubuhi akiwa amelegea mkono. Alilala saa nne usiku akiwa mzima. Daktari aambiwe saa ipi?
3. Mzee alipinda mdomo saa tano asubuhi. Saa sita mchana amepona na anataka kwenda sokoni. Familia ifanye nini, na kwa nini?
4. Katika kitongoji hiki, nani atapigiwa simu saa nane usiku? Jina lake na namba yake viandikwe kabla mkutano haujafungwa.