Mwandani: Mafunzo Niliyopata Kutokana na Neno Moja

1. Mwandani ana mahali pake nyumbani. Nimekulia pwani nikilisikia neno hili kwa wazee, lakini lilinikaa vizuri nilipotembezwa katika nyumba ya kale ya mawe mjini Lamu. Mgeni wa kupita huishia dakani, penye mabaraza kando ya mlango. Aliyezoeleka kidogo hufika kiwanda, yaani ule ua ulio wazi. Kisha kuna kumbi mbili, msana wa tini na msana wa yuu, na nyuma yake sehemu ambayo Waamu huiita ndani. Huko hufiki kwa kubisha hodi tu. Tangu siku hiyo, nikisikia mwandani namwona mtu aliyevuka kote huko kwa ridhaa ya wenyewe, akaukuta ugomvi wa nyumba haujaisha, na kesho yake akarudi.

2. Msiri si lazima awe mwandani. Msiri hutunza neno ulilompa. Mwandani hulijua hata ambalo hukulisema.

3. Siasa inalichosha neno hili. Katika magazeti ya Kenya, "mwandani wa Rais" ni mwanasiasa wa kambi yake, na kambi huhamwa. Anayeitwa mwandani kabla ya uchaguzi aweza kuitwa hasimu baada yake. Kwangu mimi, mshirika lingetosha, tena lingesema kweli zaidi. Waimbaji wanaomwita mpenzi mwandani sina neno nao.

4. Kwa Waislamu wa pwani, ndani ya kaburi, upande wa kibla, huchimbwa mwanandani, na humo ndimo maiti hulazwa. Mwandani na mwanandani: yamepishana silabi moja tu. Baba alipozikwa, walioteremka kumpokea walikuwa ndugu zake wawili na mzee mmoja asiye wa damu yetu, fundi mwenzake wa majahazi. Hakuna aliyeuliza kwa nini yeye. Tunasema rafiki wa kufa na kuzikana kwa wepesi mno. Siku ile niliiona mikono ya mzee yule ikimfungua baba mafundo ya sanda na kumlaza kwa ubavu wa kulia.

5. Mama alikuwa na neno lake: shoga. Kwa wanawake wa pwani, shoga ni mwanamke mwenzio wa karibu, wa kuazimana kanga na kuleleana watoto. Siku hizi limekuwa jina la mwanamume anayependa wanaume, na wengi hulitamka kama tusi, hata wasichana wanaogopa kuitana hivyo. Jambo hili linaniuma, maana shoga lina joto ambalo rafiki halina. Mwandani halibagui mke wala mume, basi limeubeba na mzigo huo. Binti yangu aliponiuliza amwiteje msichana anayemsindikiza kliniki kila mwezi na kumngoja nje hadi jioni, nilimwambia amwite mwandani, ila amuulize kwanza kama naye anamwona hivyo.