Mgonjwa Akiumizwa na Huduma: Karatasi na Tarehe

Mkazi wa Kabiro anayelipia matibabu katika kliniki ya kibinafsi na mwenzake anayepanga foleni katika hospitali ya kaunti wanalindwa na sheria moja. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma za ubora unaofaa, na kufidiwa anapoumia kutokana na kasoro za huduma hizo. Kifungu hicho kinataja wazi huduma za taasisi za umma. Kwa hivyo matibabu ya bure si hisani, na aliyetibiwa bila kulipa hajapoteza haki ya kulalamika.

Serikali za kaunti nazo hushtakiwa. Mnamo Agosti 2013, mama mmoja alijifungua akiwa sakafuni katika hospitali ya umma ya Bungoma, kisha akatukanwa na kupigwa makofi na wauguzi. Machi 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zake za afya na utu zilikiukwa, ikaagiza alipwe shilingi milioni 2.5 na kuombwa radhi.

Hata hivyo, si kila tiba iliyoshindwa ni uzembe. Mgonjwa anaweza kufariki mikononi mwa daktari aliyefanya kila linalowezekana. Mlalamishi hutakiwa kuonyesha kwamba mhudumu hakufikia kiwango cha kawaida cha taaluma yake, na kwamba kasoro hiyo ndiyo iliyoleta madhara. Mara nyingi daktari mwingine huhitajika kueleza hayo.

Ndipo karatasi zinapokuwa muhimu. Familia nyingi hutoka wodini na risiti tu, tena iliyokunjwakunjwa mfukoni. Kadi ya kliniki, majibu ya maabara, picha za eksirei, maagizo ya dawa, karatasi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani: zote zihifadhiwe. Nakala ya faili iombwe kwa barua, na nakala ya barua hiyo ipigwe muhuri wa siku ilipopokelewa. Majina ya waliokuwa zamuni yaandikwe mapema, kabla hayajasahaulika.

Sheria ya Afya ya 2017 inamruhusu mgonjwa kulalamika na kuelezwa matokeo ya uchunguzi kwa maandishi ndani ya miezi 3. Malalamiko kuhusu daktari au hospitali hupelekwa pia kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Wauguzi wana baraza lao, na vivyo hivyo maafisa wa kliniki. Mabaraza haya yanaweza kumwadhibu mhudumu, hata kumsimamishia leseni. Anayetaka fidia hasa ajiandae kwenda mahakamani.

Wengi huchelewa hapo. Kesi ya madhara ya mwili dhidi ya hospitali ya kibinafsi hufunguliwa ndani ya miaka 3. Dhidi ya serikali, kesi ya uzembe ina miezi 12 pekee, na aliyetibiwa katika hospitali ya umma afadhali ahesabu mwaka huo mmoja. Kusubiri jibu la hospitali au la baraza hakusimamishi muda huo. Barua ya malalamiko na safari ya kwa wakili ziende pamoja. Asiye na pesa za wakili anaweza kuomba msaada katika Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria au Kituo cha Sheria, akiwa amebeba karatasi zake.